Nauza mahamri, sina hati ya mshahara: nitapata mkopo wa nyumba?

Swali: Assalam aleikum kaka. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni. Kwa miaka tisa nauza mahamri na mbaazi asubuhi, jioni viazi karai. Siku nzuri naingiza Sh7,000, siku mbaya Sh4,500. Nikitoa unga, mafuta, nazi, makaa na wasichana wawili wanaonisaidia, hunibakia kama Sh55,000 kwa mwezi. Tunakaa kwenye nyumba aliyotuachia baba, nimepangisha vyumba viwili, Sh6,000 kila kimoja, lakini ardhi si yetu, tunamlipa mwenyewe kila mwezi. Ndugu yangu aliye Muscat hunitumia kitu mara kwa mara. Nimeona nyumba ya vyumba viwili vya kulala Mtwapa, Sh3,800,000, nami nina Sh700,000. Sijawahi kulipa ushuru. PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru ya Kenya) ninayo na kila Juni kijana wa saiba (duka la intaneti) hunijazia ritani, yaani taarifa ya mapato, ya sufuri. Sasa dalali ananiambia kuna mtu wa hadwea (duka la vifaa vya ujenzi) atanitengenezea hati ya mshahara kwa Sh15,000, na benki haitajua. Nifanye nini?

Jibu: Waaleikum salaam dadangu. Nianze na huyo wa hadwea, kwa sababu ndiye anayeweza kukutia matatani mapema kuliko KRA. Hizo Sh15,000 usizitoe. Hati ya mshahara haitembei peke yake. Mwajiri wa kweli akikulipa hukata PAYE, yaani ushuru wa mshahara, hukata akiba ya uzeeni ya NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA na asilimia 1.5 ya ada ya nyumba, na kila makato huacha alama kwenye jina lako mahali fulani. Afisa wa mikopo hahitaji ujasusi wowote. Atakuomba fomu ya P9 inayoonyesha mshahara na makato ya mwaka, ataomba taarifa ya benki ya miezi sita aone mshahara ukiingia, kisha atapiga simu hadwea na kumuuliza yeyote atakayeshika kama anakujua. Na tuseme umepita. Utakuwa umetia saini uongo, na kughushi ni jinai. Halafu kwa miaka ishirini utaishi ndani ya nyumba ambayo mtu wa hadwea ana siri yake. Watu wa aina hiyo hurudi kuomba tena.

Nilikaa upande ule wa meza, wa afisa wa mikopo, miaka kumi na moja kabla sijaanza kuwashauri wakopaji. Mzee mmoja wa Mji wa Kale, muuza samaki, alikuja na daftari tatu nene zimefungwa kwa mpira. Kila siku ya miaka minane ilikuwa mle: changu, tafi, nguru, kilo ngapi, bei gani, barafu kiasi gani. Kurasa nyingine zilikuwa zimegandana kwa magamba, nikazibandua kwa ukucha. Niliamini kila mstari. Kamati ya mikopo haikufungua hata ukurasa mmoja, maana katika pesa zote zile hakuna shilingi iliyowahi kupita benki. Alinunua taslimu, akauza taslimu, akala taslimu. Nilimpa jibu mimi mwenyewe. Akazirudishia mpira wake, akaaga, akaenda zake.

Nakusimulia hayo kwa sababu swali lako umeliweka kama swali la ushuru, na ushuru kweli umo, lakini haukuanzia hapo. Mtazame nduguyo wa Muscat. Mshahara wake haukatwi ushuru wa mapato hata baisa moja. (Oman imeshapitisha sheria ya ushuru huo, itaanza kazi 2028 na itawagusa wenye mapato makubwa tu.) Lakini nduguyo akienda kwenye benki ya Kenya na mkataba wake wa kazi na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia kila mwezi, atasikilizwa. Wewe, ambaye pengine unabakiza zaidi yake, utaambiwa ulete hati. Pesa yake ina njia inayoonekana tangu inapotoka mpaka inapofika. Yako inatoka kwenye karai, inaingia kwenye mkebe, inaishia dukani kwa muuza unga.

Basi kazi ya kwanza ni kuipa pesa yako njia. Chukua nambari ya Till ya Lipa na M-Pesa, au kama unaona ni kubwa mno, anza na Pochi la Biashara, lakini usiendelee kupokelea pesa za wateja kwenye laini ile ile unayotumiwa na nduguyo na kuitumia kulipia umeme. Afisa akipata taarifa ya M-Pesa ya laini iliyochanganyika hufanya hivi: huichapa, hushika kalamu ya rangi, na huanza kukata. Pesa ya ndugu, anakata. Mkopo wa simu, anakata. Pesa iliyotumwa kimakosa ikarudishwa, anakata. Chama, anakata, tena hicho ndicho kinachowaumiza kina mama wengi, kwa sababu ile Sh100,000 inayoingia zamu yako ikifika inaonekana kama mwezi wa neema, kumbe ni akiba yako mwenyewe imerudi. Kinachobaki baada ya kalamu ndicho atakachokiita mapato. Nimeona taarifa ya Sh240,000 kwa mwezi ikaishia Sh90,000 kabla chai haijapoa.

Na Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa salio likipungua. Kama kila asubuhi kabla ya kununua unga unaonekana umefulizia Sh800, afisa hatasema huyu ni mfanyabiashara anayezungusha mtaji. Atasema huyu hana Sh800. Acha pesa ya unga ilale kwenye laini usiku.

Pesa taslimu inayobaki, ipeleke kwa wakala wa benki, siku ile ile kila juma, hata ikiwa Sh12,000 tu. Kiasi kidogo kinachoingia bila kukosa hufaa kuliko kikubwa kinachoibuka mara moja. Na Ramadhani itakapofika, mauzo yako ya asubuhi yatakufa na ya futari yatapanda juu; hilo andika kwenye karatasi, mistari mitatu, uliambatishe na maombi. Afisa aliyekulia bara huenda asijue kwa nini biashara ya chai ilikwenda kinyumenyume mwezi mzima.

Sasa ushuru. Mauzo yako ni kama Sh6,000 kwa siku, Sh180,000 kwa mwezi, zaidi ya Sh2,100,000 kwa mwaka. Hapo uko ndani ya ushuru wa mauzo, TOT, unaowahusu wenye biashara za kuanzia Sh1,000,000 hadi Sh25,000,000 kwa mwaka. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yote, unalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwako ni Sh5,400 kwa mwezi. Ukilinganisha na ushuru wa kawaida wa mapato, faida ya Sh55,000 ingekatwa karibu Sh8,900 baada ya nafuu ya kila mwezi ya Sh2,400. Kwa hiyo kwa sasa TOT ni nafuu kwako. Lakini nasema kwako, si kwa jirani yako anayeuza sukari na maziwa kwa faida ya shilingi mbili tatu. Kwake asilimia 3 ya mauzo inaweza kumla faida nzima, na sheria inamruhusu aandike kwa KRA kuomba asiwe kwenye TOT. Kumbuka hilo la kuomba kutoka, nitalirudia.

Kodi ya vyumba haimo kwenye TOT. Ushuru maalumu wa kodi ya nyumba, asilimia 7.5, unaanza kodi ikifika Sh288,000 kwa mwaka. Yako ni Sh144,000, hivyo inaingia tu kwenye ritani yako ya mwaka pamoja na mapato mengine. Anachotuma nduguyo ni zawadi ya kifamilia. Hakitozwi ushuru, na benki nayo haitakihesabu sana, labda awe mkopaji mwenzako au mdhamini kwa maandishi.

Hizo sufuri za kijana wa saiba ndizo zinazonisumbua. Huwezi kuiambia benki unabakiza Sh55,000 na kuiambia KRA huna kitu, halafu ukaomba cheti cha kutimiza wajibu wa ushuru. Wengine wanajaribu kulikwepa hilo: wanaanza kutangaza mwaka huu kana kwamba biashara imezaliwa jana. Lakini wewe utahitaji kuionyesha benki leseni za kaunti za miaka iliyopita, ndizo ushahidi wako bora kwamba umekuwa kwenye biashara miaka tisa. Leseni hizo zitasema kitu kimoja na ritani zitasema kingine.

Nenda kwa mhasibu, si kwa saiba, mrekebishe ritani za nyuma mkiwa mmeenda wenyewe kabla ya kuitwa. Hesabu ya haraka: kwa mauzo ya sasa, mwaka mmoja wa TOT ya asilimia 3 ni karibu Sh65,000, ile miaka ya kabla ya Julai 2023, kiwango kilipokuwa asilimia 1, ni kama Sh21,600 kwa mwaka. Juu yake kuna faini, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi uliochelewa. Itauma. Inaweza kula robo ya ile Sh700,000 yako au zaidi, na sitakuficha kwamba wateja wangu kadhaa wakifika hapa hukunja karatasi zao na kurudi nyumbani. Omba kulipa kwa awamu. KRA hukubali mpango wa malipo, na ukishakuwa kwenye mpango unaoufuata, cheti kinapatikana.

Turudi kwenye nyumba yenyewe, maana hesabu yako ina shimo. Bei ni Sh3,800,000. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 kwa ardhi ya mjini na 2 ya mashambani, halafu kuna wakili wako, wakili wa benki, mthamini, usajili na bima. Mimi huwaambia watu waweke kando asilimia 8 ya bei, kwa hiyo Sh300,000 hivi. Jumla unahitaji Sh4,100,000. Ukikopa 3,000,000, lazima uwe na Sh1,100,000 mkononi. Una 700,000, bado hujamlipa KRA. Dalali hakukuambia hili kwa sababu halimhusu.

Mkopo huo utakuwaje? Kwa riba ya asilimia 15, miaka 20, rejesho ni karibu Sh39,500 kwa mwezi. Hiyo huiwezi, nakuambia waziwazi. Kwa asilimia 9.5 ni karibu Sh28,000, na hiyo, ukiongeza kodi ya vyumba, unaiweza kwa jasho. Tofauti hiyo ya Sh11,500 inatokana na nani anayemkopesha mkopeshaji wako. KMRC, kampuni iliyopewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020, huzipa benki na Sacco (vyama vya akiba na mikopo) wanachama wake pesa za muda mrefu kwa bei nafuu ili nazo ziwakopeshe wenye mapato ya wastani kwa riba mara nyingi chini ya asilimia 10. Wewe huendi KMRC, haina dirisha la wateja. Unakwenda benki au Sacco na kuuliza neno kwa neno: "Mna mkopo wa nyumba unaotokana na KMRC, na mnawapokea wasioajiriwa?" Sehemu ya pili ya swali ni muhimu kuliko ya kwanza. Baadhi watasema ndiyo kwa la kwanza na kukuna kichwa kwa la pili. Mwisho wa 2023 nchi nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba kama 30,000 tu, kwa watu zaidi ya milioni 50, basi usishangae ukikutana na afisa ambaye hajawahi kushughulikia wa muuza mahamri.

Mimi ningekuwa wewe ningegonga Sacco kwanza. Wao wamezoea watu wa soko, wanatazama umeweka akiba muda gani na nani watakudhamini, na kwa mikopo yao ya kawaida wengi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako. Ubaya wake ni wadhamini: ukikwama, ni mashoga zako wa sokoni watakaokatwa.

Hukuniuliza kuhusu riba katika dini, lakini unatoka Kisauni na umenisalimia kwa salamu hiyo, basi nitaje tu kwamba Mombasa kuna benki za Kiislamu zinazonunua nyumba na kukuuzia kwa bei iliyoafikiwa, au kuimiliki pamoja nawe huku ukinunua hisa zao kidogo kidogo. Usidhani huko karatasi ni chache. Taarifa watakayotaka ni ile ile.

Nyumba ya baba nayo isikudanganye kuwa ni dhamana. Tunayajua haya Pwani vizuri kuliko wenzetu wa bara: nyumba yako, ardhi ya mwingine. Benki huandikisha haki yake kwenye hatimiliki ya ardhi, na wewe huna hatimiliki, una kuta na paa. Kodi ya vyumba inaweza kuhesabiwa kama mapato ukiwa na mikataba ya wapangaji, ingawa afisa atauliza kama ndugu zako wengine wamekubali wewe uipokee. Pata barua yao iliyotiwa saini. Na hiyo ya Mtwapa, kabla hujampa dalali hata nauli, wakili wako afanye upekuzi kwenye afisi ya ardhi aone hatimiliki ni ya nani, ni ya kudumu au ya ukodishaji, na kama ni ya ukodishaji imebaki miaka mingapi. Ikiwa nayo ni nyumba isiyo na ardhi, hakuna benki itakayoigusa, na ile bei ni ya ajabu.

Sasa nikuambie ningefanya nini na mwaka ujao. Kila mwezi, tarehe 5, peleka Sh28,000 kwenye akaunti ya akiba ambayo huigusi. Ni rejesho lile lile, unajilipa mwenyewe kabla benki haijakulipisha. Kwa miezi kumi na minne utakuwa na Sh392,000, karibu kabisa na pengo la 400,000 tulilolihesabu. Deni la KRA litalisukuma mbele, useme miezi kumi na minane au ishirini. Lakini pesa yenyewe ndiyo sababu ndogo. Kubwa ni kwamba siku ya kukaa mbele ya afisa utamfungulia taarifa yenye Sh28,000 kila tarehe 5, mwezi baada ya mwezi, Ramadhani na isiyo Ramadhani, shule zikifungwa na zikifunguliwa. Ataelewa hiyo bila daftari. Na ukishindwa mwezi wa nne na wa saba, utakuwa umejua bei ya nyumba hii kabla haijakuweka hatarini. Mkopaji akishindwa kulipa, Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka benki impe ilani ya miezi mitatu, kisha ya siku arubaini kabla ya kuuza. Ni muda, ila si mwingi kwa mtu ambaye karai lake limezimika kwa ugonjwa. Uwe na marejesho ya miezi mitatu pembeni kabla hujahamia.

Lile la kutoka kwenye TOT nililoahidi kulirudia ni hili. Ukishapata mkopo wa kununua nyumba unayoishi mwenyewe, sheria inakuruhusu kutoa riba yake kwenye mapato yako kabla ya kutozwa ushuru, hadi Sh360,000 kwa mwaka. Riba yako ya mwaka wa kwanza itakuwa karibu Sh283,000. Lakini TOT haijui kutoa kitu. Inakata mauzo mabichi. Ukiwa kwenye ushuru wa kawaida, faida ya Sh55,000 ikitolewa riba inabaki Sh31,400 hivi, na ushuru wake unashuka hadi karibu Sh1,850 kwa mwezi, chini ya zile 5,400. Kodi ya vyumba itaongeza kidogo. Masharti yake: lazima uwe na risiti za eTIMS, zile za kielektroniki za KRA, za unga, mafuta na nazi, la sivyo KRA haitakubali kwamba ulitumia pesa hizo, na utatozwa kana kwamba mahamri yanajikaanga yenyewe. Kwa hiyo kuanzia wiki hii mwambie muuza unga wa jumla akukatie risiti yenye PIN yako. Akikataa, wapo wengine Kongowea.

Taarifa ya M-Pesa unaipata kwa kupiga *334#. Miezi mitatu ikipita tangu uwe na Till, ichape, futa majina, unitumie. Nitashika kalamu ya rangi, nikukatie mistari ambayo afisa angeikata, uone kimebaki kiasi gani.